Dokta Reginald Hamlin, munganga wa wamama waliofichwa

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama mnaotwanga mawe na kulea watoto, leo tuache kidogo mambo ya bei ya dhahabu na makaratasi ya kooperative. Tuelezee maisha ya mutu mmoja aliyekufa zamani, mwaka 1993, lakini kazi yake inatugusa sisi wa Kavimvira kama inavyogusa watu wa Misisi, wa Kamituga na wa kila pahali kwenye mashimo. Jina lake ni Dokta Reginald Hamlin. Alikuwa munganga wa wamama, na yeye pamoja na bibi yake Catherine njo walifungua huko Ethiopia hospitali inayoshughulika na ugonjwa mmoja tu: fistula.

Wengine watasema hii ni habari ya wanawake, inatafuta nini kati ya wachimbaji? Nitajibu mbele ya kumaliza. Kwanza maisha ya mzee.

Mtoto wa Napier

Reginald Hamlin alizaliwa mwaka 1908 katika mji wa Napier, nchi ya Nyuzilandi, mbali sana na Afrika. Alisomea udokta, akachagua kazi ya uzazi. Katika mji wa Sydney, Australia, alifanywa mkuu wa hospitali ya wamama iliyoitwa Crown Street. Ilikuwa hospitali kubwa, wamama walizaa pale usiku na mchana.

Wakati ule wamama wengi walikuwa wakiumia na kifafa cha mimba. Ugonjwa ule unaanza polepole. Tansio inapanda, uso na miguu inavimba, kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, halafu siku moja mama anaanguka na kutetemeka. Akichelewa anakufa, yeye ao mtoto ao wote wawili. Waganga wengi walingoja mama aanguke njo waanze kumutunza. Hamlin alikataa kungoja. Aliagiza mama mwenye mimba afuatwe mapema: apimwe uzito, apimwe tansio, aulizwe anakula nini, na akionyesha alama ndogo atunzwe siku ile ile. Ugonjwa ukapungua sana katika hospitali yake. Mwaka 1952 aliandika juu ya kazi ile katika The Lancet, jarida kubwa la waganga la Uingereza.

Tushike hiyo tabia yake, maana inaeleza maisha yake yote. Hakuwa mutu wa kusema kwamba wanawake wanaumia kwa sababu njo desturi ya wanawake. Aliuliza kwa nini, halafu akatafuta njia ya kuzuia.

Pale Crown Street alikutana na dokta kijana, Catherine, aliyezaliwa Sydney mwaka 1924 na kumaliza masomo ya udokta mwaka 1946. Siku zile wanawake madokta walikuwa wachache, na wengi kati ya wakubwa wa kazi hawakuwaamini. Hamlin alimpa kazi na kumwamini. Walioana mwaka 1950, na mwaka 1952 wakapata mtoto mmoja mwanaume, Richard.

Tangazo katika jarida

Mwaka 1958 waliona tangazo katika The Lancet. Serikali ya Ethiopia ilitafuta munganga wa wamama wa kuanzisha masomo ya wakunga katika mji mkuu, Addis Ababa. Bwana alikuwa na miaka 50, na katika umri huo wengi wanafikiri tayari juu ya kupumzika. Yeye na bibi yake waliandika barua na kukubali mkataba wa miaka mitatu. Mwaka 1959 walifika Addis Ababa na mtoto wao mdogo. Ile miaka mitatu haikuisha mpaka kifo.

Hospitali waliyopewa iliitwa Princess Tsehai. Jina hilo lina maana yake. Tsehai alikuwa binti wa Mfalme Haile Selassie. Alisomea uuguzi Uingereza, akarudi kwao kuhudumia wagonjwa. Mwaka 1942, akiwa na bwana wake katika jimbo la Wollega, mbali na mji mkuu, alikufa kwa matatizo ya uzazi. Hakufikisha miaka 23. Baba yake alikuwa mfalme, lakini ufalme haukuweza kumuleta munganga kwa wakati. Ikiwa binti wa mfalme alikufa hivyo, fikiri mwanamke maskini wa kijiji cha mlimani, mwenye safari ya siku mbili kwa miguu.

Mara tu walipofika, munganga mwenzao aliwaonya kwamba wagonjwa wa fistula watawaumiza roho. Hawakuelewa vizuri. Kwao Australia ugonjwa huo ulikuwa umeisha, walikuwa wameusoma tu katika vitabu. Siku chache baadaye waliwaona wenyewe: wasichana wa miaka 15 ao 17, wamekaa pembeni peke yao, nguo zimelowana, wakiinamisha kichwa kwa haya.

Fistula ni nini

Hapa tuseme wazi, bila haya, maana haya njo imeua wengi.

Mama anapoanza uchungu, kichwa cha mtoto kinapita katikati ya mifupa ya nyonga. Mara ingine njia ni ndogo, ao mtoto amekaa vibaya, na kichwa kinakwama. Kama kuna munganga karibu, anapasua tumbo (tunaita sezariyeni), mtoto anatoka, mambo yanaisha. Kama hakuna, mama anasukuma siku mbili, siku tatu, hata tano. Wakati wote huo kichwa kinabana nyama laini juu ya mfupa.

Sisi wa mashimo tunaelewa haraka. Jiwe likimwangukia mwenzako na kubana mguu wake masaa mengi, hata kama mfupa haukuvunjika, damu haipiti, na nyama isiyopata damu inakufa. Vivyo hivyo ndani ya mwili wa mama. Mtoto mara nyingi anatoka amekufa. Siku chache baadaye ile nyama iliyokufa inaanguka, na pahali pake panabaki tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, mara ingine kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa. Tangu siku hiyo mkojo unatoka bila kuzuiwa, usiku na mchana. Wengine wanatoka hata choo. Mishipa ya miguu nayo inaweza kuumia, mama akashindwa kutembea vizuri.

Sasa angalia mambo yanayofuata. Mama amepoteza mtoto. Amebaki na kidonda. Ananuka, hata akioga mara kumi kwa siku. Bwana anamfukuza ao anaoa mwingine. Jamaa inamjengea kajumba nyuma ya nyumba. Watu wanasema amelogwa, ao alitembea inje, ao amelaaniwa. Anapunguza kunywa maji ili mkojo upungue, na hivyo mkojo unakuwa mkali zaidi na kuchoma ngozi. Kosa lake ni nini? Kuzaa mbali na munganga, basi.

Na tusifikiri ni ugonjwa wa Waafrika. Huko Misri walichunguza mwili uliokaushwa wa Henhenit, mwanamke wa nyumba ya mfalme aliyeishi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, wakakuta fistula. Ulaya na Marekani ugonjwa huu ulikuwa wa kawaida. New York ilikuwa na hospitali ya wamama iliyofunguliwa mwaka 1855, na kazi yake kubwa ilikuwa fistula. Sezariyeni ilipofikia wanawake wote kule, ugonjwa ulipotea, hospitali ile ikahama, na pahali pake leo kuna hoteli kubwa ya matajiri. Ugonjwa uliisha kwa wenye njia na munganga karibu. Kwa maskini ulibaki, na masomo ya waganga yakausahau.

Wanawake watatu wa Alabama

Kazi ya kushona fistula ina historia ya uchungu, na mutu wa sendika hawezi kuipita kimya. Munganga aliyefungua ile hospitali ya New York ni Mmarekani James Marion Sims. Alijifunza kushona tundu lile kati ya mwaka 1845 na 1849, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama. Alijifunza juu ya miili ya watumwa. Majina matatu yamebaki: Anarcha, Betsey na Lucy. Aliwapasua mara nyingi bila dawa ya usingizi. Anarcha peke yake alipasuliwa karibu mara 30 mpaka tundu likazibika. Hakuna aliyewauliza kama wanakubali. Walikuwa mali ya mabwana wao, na waganga wengi wa wakati ule waliamini kwamba mwanamke mweusi hasikii maumivu kama mwanamke mweupe.

Miaka mingi Sims alisifiwa na kuwekewa sanamu katika bustani kubwa ya New York. Mwaka 2018 mji uliiondoa. Njia yake ya kushona ilisaidia wanawake wengi, hiyo ni kweli. Lakini wale watatu walilipa bei, na majina yao yalikaa chini zaidi ya miaka mia.

Ile imani ya kwamba mwanamke anavumilia, kwa hiyo aache avumilie, haijaisha. Mwanaume akivunjika kidole kwenye shimo, watu wanakimbia. Mwanamke akisema tumbo la chini linamuuma tangu miezi sita, anaambiwa ni mambo ya wanawake, arudi nyumbani. Anayemwambia hivyo mara ingine amevaa koti jeupe.

Kujifunza kutoka Misri

Reginald na Catherine hawakuwa wamefundishwa kushona fistula. Walikuwa na miaka mingi ya kazi, lakini walikubali kuanza kama wanafunzi. Walitafuta maandishi ya mwenye kuijua zaidi, na yule alikuwa Mwafrika: Dokta Naguib Mahfouz wa Cairo, aliyefanya kazi katika hospitali ya Kasr el-Aini na kuwatunza wamama wengi wa fistula. Huyu ni munganga aliyejulikana sana katika nchi yake. Mwaka 1911 alisaidia mama mmoja wa Cairo katika uzazi mgumu, na wazazi wakampa mtoto jina lake lote kwa shukrani. Mtoto yule akawa mwandishi Naguib Mahfouz, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1988.

Mwaka wa kwanza akina Hamlin walipasua wagonjwa 30. Habari ikaenea milimani. Mwanamke mmoja akirudi kwao mkavu, anatembea sokoni bila haya, wengine waliofichwa katika vijumba wanasikia. Kwa miaka mitatu hesabu ikafika karibu 300. Walikuja kwa miguu, juu ya punda, juu ya mgongo wa baba ao wa kaka. Hospitali ya kawaida haikuwataka sana, kwa sababu ya harufu na kwa sababu mgonjwa wa fistula anakaa kitandani siku nyingi: akiisha kushonwa anawekwa mpira wa mkojo karibu majuma mawili ili kidonda kipone. Hamlin akatafuta nyumba ndogo katika uwanja wa hospitali, wamama wakae pale wakingoja zamu yao.

Masomo ya wakunga yaliyomleta hayakuendelea. Wakunga 10 tu walimaliza, halafu serikali ikafunga masomo. Mutu mwingine angefunga sanduku na kurudi kwao.

Mamitu

Katika maisha ya Hamlin kuna jambo moja ambalo mimi naliweka juu ya mengine yote. Mwaka 1962 aliletwa msichana wa kijijini, Mamitu Gashe, mwenye miaka kama 16. Aliumia siku nyingi na uchungu, mtoto akafa, mwili ukaharibika vibaya. Walimshona, lakini tundu lilikuwa kubwa, hakupona mara moja, alipasuliwa tena na tena. Akabaki hospitalini. Hakujua kusoma wala kuandika.

Alianza kutandika vitanda na kuwafariji wageni, maana alijua wanasikia nini ndani ya roho. Hamlin alimwona ana mikono mizuri na macho ya kuangalia. Akamwita ndani ya chumba cha kupasulia, amshikie vyombo. Baadaye akamuonyesha kushona kidogo. Baadaye zaidi, kazi yenyewe. Kwa miaka, yule msichana asiyekuwa na diploma akawa mmoja kati ya washonaji wakubwa wa fistula, na madokta kutoka nchi nyingi walikuja kusimama pembeni yake wajifunze. Mwaka 1989 chuo cha waganga wapasuaji cha Uingereza kiliwapa medali ya dhahabu, akina Hamlin wawili pamoja naye Mamitu.

Tufikiri kidogo. Munganga mzungu, mwanaume, mkuu wa kazi, anampa mgonjwa wa jana kisu chake. Ni wangapi wangekubali? Kwetu kuna wamama wanaojua mawe kuliko mhandisi, wanaona dhahabu katika vumbi, lakini siku ya mkutano hawapewi hata kiti. Hamlin hakutazama karatasi, alitazama kazi.

Hospitali na vita

Akina Hamlin waliomba feza miaka mingi kwa makanisa na watu wema wa ng'ambo. Mwaka 1974 hospitali yao wenyewe ilisimama Addis Ababa, kwa fistula tu, na mgonjwa hakuombwa kulipa. Hebu fikiri kama wangeomba feza: yule aliyefukuzwa na bwana, asiye na shamba wala duka, angelipa na nini? Mama akipona alipewa nguo mpya na feza za bisi, arudi kwao kama mutu. Nguo ile haikuwa jambo dogo. Alikuja na matambara ya mkojo, alirudi na nguo safi, na kijiji kiliona.

Mwaka ule ule, 1974, askari walimwondoa Mfalme Haile Selassie. Miaka iliyofuata ilikuwa ya damu, vijana wengi wa Addis Ababa waliuawa, wageni wengi walikimbia. Hamlin alibaki. Vita vilipanda kaskazini, njaa kubwa ya 1984 ikaja, utawala ukabadilika tena mwaka 1991. Hospitali haikufungwa. Sisi wa Uvira tunaojua milio ya bunduki tangu 1996 tunajua hiyo ina maana gani: kubaki na wagonjwa wakati gari la mwisho linaondoka.

Kifo na kazi iliyobaki

Reginald Hamlin alikufa Addis Ababa mwaka 1993, akiwa na miaka 85, kwa ugonjwa wa kansa. Alizikwa pale pale. Wengi walifikiri bibi yake atarudi Australia. Catherine alibaki miaka 27 ingine. Hospitali zingine tano zilifunguliwa katika majimbo: Bahir Dar, Mekelle, Yirgalem, Harar na Metu. Kijiji kilijengwa kwa ajili ya wamama ambao miili yao iliharibika sana na hawawezi kupona kabisa. Mwaka 2007 yale masomo ya wakunga yaliyomleta bwana wake mwaka 1959 yalifunguliwa tena, safari hii kama chuo chao wenyewe, kinachochukua wasichana wa vijijini na kuwarudisha vijijini. Catherine alikufa mwezi wa tatu 2020, akiwa na miaka 96. Kwa hesabu ya hospitali, zaidi ya wanawake 60,000 wametunzwa. Kwa mia moja wanaoshonwa pale, zaidi ya 90 tundu lao linazibika.

Na sisi huku?

Shirika la afya la ulimwengu, OMS, linahesabu kwamba kila mwaka wanawake kati ya 50,000 na 100,000 wanapata fistula, wengi wao Afrika na Asia. Kwetu Kivu ya Kusini tunaujua ugonjwa huu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ile ya Ethiopia: uzazi mbali na munganga. Ya pili ni ya vita: wanawake waliobakwa kwa ukatili mpaka mwili ukapasuka.

Dokta Denis Mukwege, ambaye alisomea udokta Bujumbura, hapa ng'ambo ya mpaka wetu, alianza kazi mwaka 1983 katika hospitali ya Lemera, ndani ya teritware yetu ya Uvira. Kule aliona wamama wanafika wamechelewa, wamebebwa kwa machela siku nzima, na hiyo ilimfanya aende Ufaransa kusomea magonjwa ya wanawake. Tarehe 6 mwezi wa kumi 1996 Lemera ilivamiwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 akafungua Panzi, Bukavu. Pale wamama wa fistula wanashonwa, wa uzazi na wa vita. Mwaka 2018 alipata Nobel. Basi matunzo hayako Addis Ababa peke yake. Yako Bukavu.

Sasa nijibu lile swali la mwanzo, hii inahusu nini na wachimbaji.

Bibi zetu wengi na binti zetu wanakaa na sisi kwenye kambi za mashimo. Wanatwanga mawe, wanabeba viroba, wanapika, wanazaa. Kutoka shimo mpaka hospitali yenye chumba cha kupasulia, mara ingine ni siku nzima ya pikipiki na matope, na mvua ikinyesha hakuna njia. Katika ekipe nyingi tuna feza tunazoweka pamoja: mwenzetu akiangukiwa na udongo, zinalipa pikipiki, dawa, ao sanduku la maiti. Niulize: ni ekipe gani imeweka feza kwa mama anayeumia na uchungu? Nimepita kambi nyingi kwa kazi ya sendika, nimeona chache sana. Tunaona uzazi kama jambo la nyumbani, na ajali ya shimo kama jambo la kazi. Lakini ni njia moja mbaya, ni umbali ule ule, na anayekwama ni mutu wa kambi kama sisi.

Kuna jambo lingine la kutuhusu sisi wababa. Mama anaumia, wakunga wa kambi wanasema apelekwe, jamaa inasema tungoje bwana arudi kutoka shimo aseme ndiyo. Bwana yuko chini tangu jana. Yale masaa ya kungoja njo masaa nyama inakufa. Kodi ya Familia ya 1987 ilimfunga mwanamke aliyeolewa kwa ruhusa ya bwana katika mambo mengi. Sheria ya 2016 iliibadilisha. Lakini katika vichwa vyetu ile ya zamani bado inatawala.

Kwa hiyo napendekeza mambo yanayowezekana, hayahitaji msaada wa kutoka mbali.

Kila ekipe, kila likelemba, itenge sehemu kwa ajili ya uzazi. Ikiwezekana, mimba ikifika mwezi wa nane mama atoke kambini, akae karibu na hospitali kwa jamaa. Kama hawezi, dereva wa pikipiki ajulikane mbele, na bei yake ipatanwe mbele, si usiku ule. Bwana mwenye bibi mjamzito aseme wazi, mbele ya watu, kabla ya kushuka shimoni: mama akianza kuumia apelekwe bila kuningoja. Uchungu ukipita masaa 12 na mtoto hajatoka, hakuna tena mashauri, ni kuondoka. Uso ukivimba, kichwa kikiuma sana na macho yakiona giza, ni kuondoka hata kama uchungu haujaanza.

Binti wa miaka 14 ao 15 asiolewe. Mifupa yake ya nyonga haijamaliza kukua. Mwenye kumpa bwana mwenye feza za dhahabu anaweza kumrudishia fistula.

Na mama ambaye tayari anavuja mkojo, msimfiche na msimfukuze. Hakulogwa. Anywe maji ya kutosha, aoge, apelekwe kwa munganga aulize juu ya kushonwa. Hata kama amevuja miaka 10 ao 20, Addis Ababa wamewashona wa namna hiyo. Ekipe inayoweza kuchanga kwa kununua pampu ya maji inaweza kuchanga feza za safari mpaka Bukavu.

Umoja wa Mataifa umeweka tarehe 23 mwezi wa tano kila mwaka kuwa siku ya kumaliza fistula. Katika sendika yetu tunazoea kusimama tarehe 1 mwezi huo huo kwa haki za wafanyakazi. Mwaka unaokuja tuite mkutano wa pili, tarehe 23, kwenye kambi, wamama wakae mbele na waseme wao kwanza. Kila mkuu wa ekipe aje na jibu la swali moja: kati ya watu wa shimo lake, ni wamama wangapi wana mimba leo, na pikipiki yao iko wapi?